Chuma Kinachosahau cha Mama Gramu

Ukitaka chuma cha kujengea ghorofa, utakipata kabla hujamaliza kuuliza. Lakini ukitaka chuma cha kutengenezea kitu ambacho bado hakipo, kitu unachokiona wewe peke yako ukifumba macho, na unataka kipande chenye uzito wa yai moja tu ili ujaribu, hapo utazunguka mpaka soli za viatu ziishe. Ukishazunguka vya kutosha, mtu mmoja mwenye huruma atakuambia, "Hebu nenda kwa Mama Gramu."

Duka lake lilipakana na langu. Mimi natengeneza meno ya bandia, yeye aliuza vipande vya vyuma, na kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya nilimwombea afya bila kupandisha sauti. Kwa hiyo ninayoyasimulia hapa mengine niliyaona, na mengine niliyasikia kupitia ukutani. Sikuwa nachungulia. Ukuta ndio ulikuwa hauna siri.

Jina lile alipewa na wauzaji wakubwa wa vyuma. Yeye alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na sita katika karakana ya kusuka mota, akipanga nyaya za shaba ndani ya viini vya chuma, mpaka kiwanda kikafungwa. Siku ya mwisho wenzake waliondoka na viti, feni na makabati. Yeye aliomba kisanduku kimoja cha vipande vya majaribio, wakampa huku wakimhurumia. Kisanduku hicho ndicho kilichozaa duka. Vipande vilipoisha, alianza kuwapigia simu wenye maghala.

"Nataka bati la kiini, gramu mia mbili."

"Mama, sisi tunauza kwa tani."

"Najua, mwanangu. Kwenye hiyo tani, gramu mia mbili zimo au hazimo?"

Wengine walikata simu. Wengine walicheka mpaka wakakohoa, kisha wakamtafutia kipande cha mwisho wa mkunjo, kile ambacho kingefagiliwa tu. Akipiga tena, husikia mtu akipiga kelele upande wa pili, "Jamani, Mama Gramu huyo." Akalizoea jina, akaliandika mlangoni.

Ndani palikuwa na upana wa hatua tatu na urefu wa hatua nne. Rafu zilijaa makopo ya maziwa, na kila kopo lilikuwa na karatasi yenye mwandiko wake wa mviringo: Cha redio. Cha taa. Cha mota, kimechoka. Sikijui bado. Hilo la mwisho lilikuwa kopo kubwa kuliko yote, na ndilo alilokuwa akijivunia. Mezani palikuwa na mizani ndogo ya sonara. Walikuja wanafunzi, walikuja mafundi wa redio, alikuja binti mmoja aliyekuwa akitengeneza gitaa lake mwenyewe, na alikuja jamaa aliyekuwa akiunda mashine ya kuhesabu kuku, ambayo hadi leo sijaelewa kwa nini kuku hawakuweza kuhesabiwa kwa macho.

Siku ya kwanza aliponiambia kwamba anauza chuma laini cha sumaku, nilikibonyeza kwa kidole. Ukucha ukakunjika.

"Wewe nawe," akasema. "Ulaini wake hauko kwenye ngozi. Keti nikuonyeshe."

Akazungusha waya kwenye kipande kimoja, akagusisha betri. Pini iliyokuwa mezani ikaruka na kung'ang'ania. Akaondoa betri, pini ikaanguka hapo hapo. Akachukua kipande kingine, cha msumeno uliovunjika, akafanya vilevile. Safari hii alipoondoa betri, pini ilibaki inaning'inia.

"Umeona? Huyu wa msumeno ana kinyongo. Umemgusa mara moja, hasahau. Huyu mwingine anapokea sumaku yote unayompa, ukimwambia basi, anaachia. Habaki na kitu moyoni. Mtu wa namna hiyo utampata wapi?"

Nilimwambia mimi ninamjua mmoja, lakini ni kwa sababu ana umri wa miezi minane. Akacheka. Lakini nilirudi kwenye meno yangu nikiwa na kitu kifuani. Miaka yote nilikuwa nikidhani chuma ni chuma.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Mama Gramu alikuwa na mdogo wake wa kike, wa mama mmoja baba mmoja, aliyefanya kazi kwenye nyumba ya kufulia mashuka ya hoteli. Sakafu ya pale haikauki. Kuna pampu ya maji, ya zamani, na siku moja pampu ile ilivujisha umeme, ikamrusha yule mdogo mpaka ukutani. Alipona, lakini vidole viwili vya mkono wa kushoto havikurudi sawasawa. Baada ya wiki tatu alirudi kazini, kwa sababu kazi ilikuwa hiyo.

Utauliza, kwani hakuna swichi za kukata umeme unaovuja? Zipo, na mwenye nyumba ya kufulia alizinunua. Tatizo ni kwamba pampu ile ikianza kuzunguka hutikisa umeme kidogo, na swichi za dukani zikadhani mtu anakufa. Zikawa zinakata kila asubuhi, mara tano, mara sita. Mwisho mwenye mali akaunganisha nyaya moja kwa moja, akaziacha swichi ukutani kama mapambo.

Mume wa yule mdogo ni fundi wa pampu. Mama Gramu alimwita shemeji, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikaa mwaka mzima akibuni swichi yake mwenyewe, yenye akili ya kutofautisha mtikisiko wa pampu na mwili wa mtu. Moyo wa swichi ile ni pete ya chuma. Nyaya mbili zinapita katikati yake, moja inapeleka umeme, nyingine inaurudisha. Umeme uliokwenda ukiwa sawa na uliorudi, pete haihisi lolote. Lakini uliorudi ukipungua, hata kwa kile kidogo tu kilichojichomoa na kupita kwenye mwili wa mtu kwenda sakafuni, pete inajua, na swichi inakata. Aliponieleza nilimwomba aeleze tena, si kwamba sikuelewa. Nilitaka tu kusikia mara ya pili.

Ila pete alizotengeneza kwa bati la kawaida zilikuwa na usikivu hafifu. Zilikata, ndiyo, lakini zilikata umeme ukishafika kiasi cha kuua. Kanuni inataka ukatike kabla ya kufika mili thelathini, yaani vipande thelathini vya ampea moja iliyogawanywa mara elfu. Pete za shemeji zilikuwa zikiamka kwenye mia mbili. Ilihitajika aloi ya nikeli, yaani chuma kilichochanganywa na nikeli, chenye usikivu mkubwa kuliko vyote, gramu themanini tu za kifaa cha mfano. Na mkaguzi wa umeme alikuwa amepangiwa siku moja tu ya kuja kujaribu, Alhamisi. Mwenye nyumba ya kufulia alikuwa amesema mbele ya watu: kikipita, nitakifunga. Kisipopita, msiniletee tena habari za swichi.

Mama Gramu alitafuta wiki sita. Niliyasikia yote ukutani.

"Kilo mia tano ndiyo kiwango cha chini? Na cha chini ya hapo? ... Hapana, baba, sitengenezi meli."

Siku nyingine: "Sampuli mnatoa kwa makampuni tu? Basi mimi ni kampuni. ... Wafanyakazi wangapi? Ngoja niwahesabu. ... Mmoja, lakini anajituma."

Mwishowe akakumbuka kwamba zamani mashine za kutazamia mawimbi ya umeme, zile za kioo kidogo cha kijani, zilivalishwa ndani gamba la aloi hiyo hiyo, ili sumaku za nje zisiyumbishe mchoro. Akaenda chuo cha ufundi kilichokuwa kikisafisha stoo. Mtunza stoo akamwambia amechelewa, mashine zote tano zimeshakwenda kuyeyushwa.

"Zote tano?"

"Zote."

"Na hiyo uliyozuilia mlango?"

Mtunza stoo akageuka kuangalia, kana kwamba na yeye ndiyo kwanza anaiona. "Hiyo haihesabiki, mama. Hiyo ni ya mlango."

Alimwachia jiwe zuri la mlango, akaondoka na mashine kifuani. Ilikuwa Ijumaa. Aliifungua kwenye meza yake, akatoa gamba, jembamba, la kijivu, lenye umbo la mrija mpana. Akaniita.

Akakata ukanda mmoja mrefu, pole pole, akakata na kijipande kidogo kama ukucha wa mtoto. Hakuchukua waya. Hakuchukua betri. Aliushika ukanda mkononi akauelekeza kaskazini, akaleta kile kijipande kwenye ncha. Kikanasa. Kisha akaugeuza mkono taratibu kuelekea mashariki. Kijipande kikaanguka.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

"Mimi sijafanya kitu. Dunia ndiyo inayoshika. Dunia nayo ni sumaku, jirani, ila nguvu yake ikifika hapa imechoka sana, haiwezi hata kuinua pini. Lakini huyu anaisikia."

Niliomba anipe nijaribu. Kaskazini, kikanasa. Mashariki, kikaanguka. Nilifanya mara nyingi kuliko mtu mwenye kazi anavyopaswa kufanya. Nilikuwa nimesimama juu ya dunia hii miaka hamsini na mbili, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuisikia ikinivuta mkono.

Jumamosi akakata kanda za kutosha, akazizungusha zikawa pete moja. Jumapili shemeji akaipeleka kwenye kipimo. Pete ikaamka kwenye mia moja na tisini.

Jumatatu asubuhi sikusikia sauti yoyote ukutani. Nikaenda kuchungulia, safari hii kweli nilichungulia. Alikuwa amekaa, pete iko mezani, nyundo ya mbao iko kando yake.

"Nimeiua," akasema.

"Nini?"

"Pete. Chuma hiki hakitaki kipigo. Ukikikunja kinaumia, ukikiangusha kinaumia. Kukikata tu nilijua nakiumiza, nikasema kidogo kitabaki. Halafu unajua nilifanya nini nilipomaliza kuzungusha? Niligonga. Mara tatu. Kule karakana kila ukimaliza kupanga kiini unagonga mara tatu kikae vizuri, ndipo unamwita msimamizi. Miaka ishirini na sita. Mkono uligonga, mimi nilikuwa nafikiria mambo mengine."

"Haitibiki?"

"Inatibika kwa moto. Nyuzi elfu moja na mia moja, bila hewa ndani, halafu ipoe pole pole kama mtu anayetoka usingizini. Tanuri la namna hiyo liko viwandani. Na huko wataniambia nilete tani."

Nikageuka kutazama upande wa duka langu. Kisha nikamwambia, "Mama Gramu, unajua kauri ya meno inachomwaje?"

Akanitazama.

"Tanuri langu linafyonza hewa, lisipofyonza jino linatoka na mapovu. Na linafika elfu moja na mia mbili."

"Miaka tisa tunakaa ukuta mmoja," akasema polepole, "na wewe una tanuri la kufyonza hewa."

"Hukuwahi kuuliza."

"Nilidhani unaoka meno tu."

Tukaingia kazini. Nilimpa unga wangu mweupe usioungua, akaupitisha kati ya mikunjo ya pete kwa brashi ya kupakia rangi ya jino, ili matabaka yasishikane. Akaiviringisha pete ndani ya karatasi ya chuma kisichoshika kutu, pamoja na kijipande kimoja cha ukanda uliogongwa, cha kuwa shahidi. Pete ilikuwa na upana wa sentimita tano. Mdomo wa tanuri langu, sita na nusu. Nilipofunga mlango na pampu ya kufyonza ikaanza kunguruma, wote wawili tulikaa mbele yake kama tuko nje ya chumba cha upasuaji.

Namba zikapanda. Mia tatu. Mia saba. Kwenye elfu moja na mia moja nikaliacha likae hapo saa tatu, jambo ambalo sijawahi kulifanyia jino la mtu yeyote. Kisha tukaanza kushusha, nyuzi chache chache, na hapo ndipo alipoingia bibi mmoja mteja wangu, aliyekuwa akisubiri meno yake ya mbele.

"Fundi, meno yangu yako wapi?"

"Yamepisha kidogo, bibi. Kuna mgonjwa kwenye tanuri."

"Mgonjwa gani?"

Mama Gramu akamweleza. Alimweleza yote, mdogo wake, pampu, pete, kipigo. Bibi akavuta kiti. "Basi nitasubiri," akasema. "Nimekula uji mwezi mzima, siku mbili hazitaniua." Akabaki pale hadi jioni, akiangalia namba zinavyoshuka, akinikaripia kila nilipotaka kuliharakisha.

Jumanne asubuhi tukafungua. Pete ilikuwa imefifia rangi, yenye mng'ao hafifu kama maji ya alfajiri. Mama Gramu hakuigusa. Alichukua shahidi kwa kibano cha mbao, akaelekeza kaskazini, nami nikasogeza vijipande vidogo vya chuma hicho hicho. Vikaruka. Havikungoja kusogezwa, viliruka kutoka umbali wa unene wa shilingi. Akageuza mashariki. Vikamwagika vyote, hakikubaki hata kimoja.

Alikaa chini. "Kimesahau," akasema. "Nilikigonga na kimesahau."

Mimi nilikuwa nimefungua tanuri lile maelfu ya mara, nikitoa meno, nikiyapanga, nikienda nyumbani kula. Sikujua kwamba ndani ya kisanduku kile kitu kilichojeruhiwa kinaweza kujipanga upya, chembe kwa chembe, gizani, bila mkono wa mtu, na kutoka kikiwa na usikivu mkubwa kuliko kilivyoingia.

Pete ikasafiri ndani ya kikasha cha meno ya bandia, juu ya pamba, mapajani mwa Mama Gramu, naye hakuruhusu mtu amsukume wala amsalimie kwa mkono. Jumatano shemeji akaifunga ndani ya kisanduku chake bila kuibana, ameielaza kwenye sifongo. Hakuipima. Nilimuuliza kwa nini.

"Shemeji yangu Mama Gramu kanikataza," akasema. "Eti ikamatwe mara chache iwezekanavyo. Mimi mwenyewe nashindwa kumeza chakula, we acha tu."

Alhamisi saa nne asubuhi tulikuwa nyumba ya kufulia. Nilifunga duka, na bibi wa meno naye alitaka kuja, ila ngazi zilimshinda. Mkaguzi alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani shingoni, mtu wa maneno machache. Akaviangalia vidole vya mdogo wake Mama Gramu, akaiangalia sakafu iliyolowa, akaziangalia swichi za dukani zilizokufa ukutani. Akafungua mkoba wake.

"Kwanza iwashwe," akasema.

Mwenye nyumba ya kufulia akakunja mikono. "Itakata. Zote zinakata."

Mdogo mtu akabonyeza. Pampu ikatikisika, ikanguruma, ikaendelea. Kisanduku cha shemeji kikatulia. Mkaguzi akaagiza izimwe, iwashwe tena. Mara kumi. Mara zote kumi maji yakapanda, na mwenye mali akawa anakunjua mikono yake kidogo kidogo.

"Sasa tuvujishe."

Akaunganisha kifaa chake, ambacho huvujisha umeme kwenda ardhini kama vile mtu amegusa, akaanza kuuongeza taratibu huku akisoma namba. "Tano." Pampu inaendelea. "Kumi." Shemeji alikuwa ameshika ukingo wa beseni. "Kumi na tano." Mama Gramu alikuwa haangalii kisanduku, anamwangalia mdogo wake. "Ishirini."

Kimya kikaja kabla hatujasikia kitu chochote. Hata mlio wa swichi nadhani niliusikia baadaye. Pampu imesimama, maji yanarudi chini kwenye bomba, na mkaguzi ameinama juu ya kipimo chake.

"Ishirini na mbili," akasema. "Kwa muda wa..." Akavaa miwani. Akavua, akaifuta, akavaa tena. "Moyo hupiga mara moja. Katika muda huo huo, hiki kingekata mara ishirini na tano."

Akarudia mara tatu, kama fomu inavyotaka: ishirini na mbili, ishirini na mbili, ishirini na tatu. Akaandika, akapiga sahihi. Kisha akafunga fomu, akaiweka mkobani, na akaomba kama mtu anayeomba maji, "Naweza kurudia tena? Hii si ya fomu."

Akarudia. Pampu ikanyamaza tena, ghafla vile vile, na tena tukasimama wote tukiitazama hewa.

"Ndani kuna nini?" akauliza.

Shemeji akafungua kifuniko. Mkaguzi akainama, mwenye nyumba ya kufulia akainama, na mdogo wake Mama Gramu, ambaye mwaka mzima alisikia habari za pete mezani kwake bila kuiona, naye akainama. Pete ile ndogo ya kijivu ilikuwa imelala kwenye sifongo, nyaya mbili zimepita katikati.

"Hiki tu?" mdogo mtu akauliza.

"Hicho tu," akasema dada yake.

"Kinajua mimi nikiguswa?"

"Kinajua."

Alikiangalia muda mrefu. Mwenye mali akakohoa, akamuuliza shemeji, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari nyingine, kama anaweza kutengeneza cha pampu ya pili. Shemeji akamtazama Mama Gramu. Mama Gramu akaanza kuhesabu kwa vidole ni gramu ngapi zimebaki kwenye lile gamba, akafika mahali akasema zinatosha, mradi tu mtu amfungie ile nyundo kabatini.

Mdogo wake akainuka, akakunja mikono ya gauni lake hadi kwenye viwiko. "Haya, tokeni," akasema. "Mnanikanyagia mashuka."

Tukatoka. Lakini hatukwenda mbali. Tulisimama nje ya dirisha, watu wazima watano, fomu iko mkobani na kazi zinatusubiri, tukimsikiliza akiwasha pampu.